Pengo Kwenye Minyaa

Mimi sikufungiwa na serikali. Naliweka hilo mapema, maana nikianza kusimulia watu hudakia kwamba Tanzania hapakuwa na kufungiana ndani. Kweli, hapakuwa. Mwaka ule wa korona shule zilifungwa, mabasi yakaambiwa yabebe abiria wa kukaa tu, stendi ya Singida mjini wakaweka ndoo za maji na sabuni, basi. Aliyenifungia mimi ni binti yangu wa kwanza. Ni muuguzi, anafanya kazi Dodoma, na alinifungia kwa simu.

Nilikuwa na miaka sitini na mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, nakaa peke yangu Mwankoko kwenye nyumba tuliyojenga na marehemu mume wangu. Na nilikuwa mtembezi. Sisemi mtu wa kwenda sokoni na kurudi. Nasema mtu anayeamka jua halijatoka, anavaa raba, anachukua fimbo na kwenda kupanda mawe. Huku kwetu mawe hayana idadi, mengine makubwa kuliko kanisa, na katika yale yanayoonekana kutoka dirishani kwangu hakuna hata moja ambalo sijasimama juu yake. Kila mwaka, mwezi wa sita, mimi na walimu wenzangu wanne wastaafu tulikuwa tunakodi gari tunakwenda kupanda mlima Hanang. Watu mtaani waliona akili zangu hazijatimia, na mimi niliwaacha waone hivyo hivyo.

Halafu kuna mguu. Miaka mitatu kabla ya korona nilipata kiharusi chepesi, kikaniachia mguu wa kushoto mzito, unaburuta. Hospitali wakanifundisha mazoezi, nikarudi nyumbani nikatembea. Mwezi wa kwanza naishia mlangoni. Mwezi wa tatu nafika barabarani. Mwaka wa pili nikarudi juu ya jabali, nikakaa pale nikacheka peke yangu. Mguu ule niliufufua kwa kutembea, na nilijua bila kuambiwa na daktari yeyote kwamba siku nikikaa kitako utalala tena, na mara hii hauamki.

Binti yangu hakuliona hivyo. Yeye aliona mama mwenye presha anayezurura wakati watu wanaugua. Akaitisha kikao cha familia kwenye simu, yeye na wadogo zake wawili, mwenye mguu nikawa msikilizaji.

"Mama, kuanzia leo hukanyagi barabara," akasema. "Ukionekana barabarani tu, nakuja na gari, nakupakia, unakaa kwangu Dodoma mpaka huu ugonjwa uishe. Nyumba tutapata mtu wa kuilinda."

Kwake ni ghorofa ya tatu, nyumba ya kupanga. Ukifungua dirisha unaona dirisha la mwenzako. Niliwahi kukaa pale siku nne nikaanza kuongea na jokofu.

"Mwanangu, unanifunga kamba?"

"Nakulinda, mama."

"Kwani mimi mbuzi?"

Mdogo wake wa kiume akacheka, akaambiwa anyamaze. Kikao kikafungwa. Na binti yangu namjua, akisema nakuja, anakuja.

Hakuishia hapo. Akampigia mjumbe wa mtaa, akawapigia na vijana wa bodaboda wa pale kijiweni, ambao karibu wote nimewafundisha mimi. Siku ya tatu nilipotoka getini kijana mmoja akaja na pikipiki, akaizima mbele yangu.

"Shikamoo mwalimu. Samahani, tumeambiwa usipite."

"Marahaba. Mmeambiwa na nani?"

"Dada kapiga simu kutoka Dodoma."

Huyu nilimshika mkono nikamfundisha kuandika jina lake. Nilimtazama mpaka akainamisha kichwa, lakini njiani hakutoka. Nikarudi ndani na hasira zangu. Wale walimu wenzangu nao wakapiga simu kuniambia safari ya Hanang haipo tena mwaka huu. Nikasema sawa, nikakata simu kabla sauti haijaniaibisha.

Nikaanza kuzunguka nyumba. Kila alfajiri, kabla hata sijawasha jiko, nazunguka. Mizunguko hamsini, mizunguko sitini. Kuku mwanzoni walikimbia, baadaye wakaacha hata kunipisha. Lakini kuzunguka nyumba si kutembea. Hakuna kupanda, hakuna kushuka, mguu haupewi kazi ya kufikiri. Wiki ya tatu mguu ukaanza kulala. Asubuhi unachelewa kuamka, mchana unakuwa mzito, kidole gumba kinagusa chini pasipotakiwa. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, yule muuguzi?

Asubuhi moja nikasikia sauti nyuma ya minyaa.

"Mwalimu."

Ilikuwa sauti ya jirani yangu, na hapa lazima nieleze, maana mimi na huyu mzee tulikuwa hatusalimiani miaka mitano, isipokuwa msibani. Alikuwa dereva wa malori enzi zake, Mwislamu, mtu wa maneno machache na yote makali. Ugomvi wetu ulikuwa hiyo hiyo minyaa. Kwetu minyaa si ua tu wa kuzuia mbuzi. Ni mpaka. Hupandwa pale ambapo eneo la mtu linaishia, na anayeikata bila makubaliano hajakata mti, amekuingilia kwenye ardhi yako. Kwa ajili ya minyaa ndugu wa tumbo moja wameacha kuzikana. Mimi nilisema kasogeza mpaka hatua mbili. Yeye akasema hajasogeza kitu, minyaa imenenepa. Tukafika baraza la kata, wakaja na kamba wakapima, wakaandika: minyaa ibaki ilipo, na atakayeikata ndiye mvamizi. Nikadai nakala yenye muhuri, na nikaitunza kabatini pamoja na vyeti vyangu vya kazi.

Sasa mtu huyo ananiita.

"Mguu wako unaburuta," akasema.

Nikasimama. "Umeanza kusikiliza watu nyuma ya minyaa?"

"Naamka kula daku, nakusikia. Mwanzoni ulikuwa unakanyaga, unakanyaga. Sasa unakanyaga mara moja, unakwaruza mara moja."

Nikamjibu kwa Kinyaturu, maana kwa Kiswahili ningelazimika kubaki na adabu. Nikaingia ndani, nikakaa kitandani, nikalia kwa hasira. Kilichoniuma ni kwamba mtu wa kwanza kunisikia ni yule niliyempeleka barazani.

Kesho yake, jua limeshatoka, nikasikia panga. Lilikuwa linakata minyaa. Nikafungua kabati nikachukua karatasi yangu, nikatoka nayo mkononi mbio, kadiri mguu ulivyoniruhusu. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Wewe mzee! Unafanya nini?"

"Unaona ninachofanya."

"Huo ni mpaka!"

"Najua ni mpaka. Karatasi unayo, nipeleke." Akakata tawi lingine. "Ila baraza limesimama kwa ajili ya korona, kwa hiyo una muda wa kutosha wa kutembea kabla hawajatuita."

Akaelekeza kwa panga, huku amesimama mbali nami kama redio zilivyokuwa zinasema. Kutoka kwangu naingia kwake. Kutoka kwake naingia kwa yule binti fundi cherehani mwenye mtoto mchanga. Nikitoka kwa fundi kuna pagale ambalo mwenyewe hajaonekana miaka, nyuma ya pagale shamba la alizeti, na alizeti zikiisha ni mawe.

"Barabara haimo hata moja," akasema. "Binti yako kakataza barabara. Mawe kayataja?"

"Hajayataja."

"Haya basi."

Na hapo akafanya kosa ambalo hata mtoto wa huku halifanyi. Tawi la juu lilimsumbua, akainua uso akalikata huku analitazama. Mtu aliyezaliwa ndani ya minyaa, akazeekea ndani ya minyaa! Utomvu ukamwingia jichoni. Panga likaanguka, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mwanaume mzima, akachuchumaa na kiganja usoni.

"Usifikiche!" nikapiga kelele. Nikasahau mguu, nikasahau korona, nikanyakua ndoo ya maji uani, nikapita kwenye lile pengo alilokuwa ameanza, nikaanza kummwagia. Yule binti fundi alisikia, akaja na mtoto mgongoni. Kwetu dawa ya minyaa jichoni, baada ya maji, ni maziwa ya mama anayenyonyesha. Mzee alipomsikia anamwambia mtoto wake "subiri kidogo mwanangu" akaelewa kinachokuja.

"Hapana, binti yangu. Hapana. Mimi ni sawa na baba yako."

"Basi baba, tulia."

Akatugeuzia mgongo, akakamua kwenye kifuniko cha chupa, akarudi akamtia jichoni matone, mimi nimemshika mzee kichwa kwa mikono miwili. Yale mambo yetu ya kukaa mbali mbali yakafia pale. Mzee alikuwa amefunga, mdomo umekauka, machozi yanashuka kwenye ndevu, na ananiambia, "Mwalimu, usicheke." Sikuwa nacheka. Nilikuwa naona aibu kubwa, maana karatasi ya baraza ilikuwa imeanguka miguuni pake imelowa maji, na muhuri unasomeka.

Jicho lilivimba. Zahanati wakaliosha tena, wakampa dawa, na wiki nzima alilifunga kitambaa. Mtu akimwuliza, anasema mdudu. Lakini pengo alilimaliza siku ile ile jioni baada ya kufuturu, kwa jicho moja.

Siku ya pili nikapita. Mzee alikuwa kasimama kwenye zizi lake la mbuzi, mbali, kanigeuzia mgongo ili nisione haya. Fundi alikuwa ameshasogeza miiba ya ua wake, kakaa kwenye cherehani barazani.

"Shikamoo mama. Pita tu, usijali, ukirudi utanikuta."

Kanishonea na barakoa ya kitenge, kaitundika kwenye kamba ya nguo niichukue mwenyewe. Kamba hiyo ndiyo ikawa ofisi yetu. Kukiwa na kanga imeanikwa, mjumbe yuko barabarani, nisubiri. Kamba tupu, nenda. Hatukukaa kikao kupanga jambo hilo. Fundi aliniambia mara moja tu, kwa kunong'ona, anacheka.

Alizeti zilikuwa zimeshaanza kuinamisha vichwa. Nilipita katikati yake, nikafika kwenye jabali la kwanza, dogo, la kupandwa na watoto. Ilinichukua muda mrefu. Nilipanda kwa magoti, kwa viwiko, kwa matako, kwa kila kitu ambacho Mungu alinipa. Nilipokaa juu nikaona Mwankoko yote chini yangu, na upande ule njia ya Mtinko, na ziwa Kindai likimeta kidogo kwa mbali. Nilifurahi. Niliwatukana wote walionifunga, mmoja mmoja, kwa sauti, halafu nikawaombea heri, kwa sababu ni watoto wangu.

Nilifanya hivyo kila siku, wiki kwa wiki. Mzee akaniwekea kigoda katikati ya ua wake, nikirudi nimechoka nikae. Hakuwahi kusema ni changu. Alikiweka tu, na mbuzi akikipanda anamfukuza. Tukaanza kuongea, yeye zizini, mimi kigodani, tunapaza sauti. Akaniambia alivyokuwa analala chini ya lori porini, na kwamba tangu aache kuendesha hajapata usingizi wa maana. Mimi nikamwambia nilivyoogopa asubuhi ile ya kiharusi, nilipomwita marehemu mume wangu na hayupo. Mambo hayo sikuwahi kumwambia mtu wa kanisani kwangu.

"Minyaa ulisogeza," nikamwambia siku moja.

"Ilinenepa," akasema.

Mguu ukarudi. Ulirudi kwa kishindo, kila siku unadai jabali kubwa zaidi ya la jana.

Mjumbe si mjinga. Aliona mwalimu haonekani uani asubuhi, akaja kumuuliza mzee.

"Mimi na mwalimu tuna kesi," mzee akamjibu. "Unadhani namchungulia?"

Mjumbe akakubali kwa mdomo, lakini jioni akapiga simu Dodoma.

Binti yangu alikuja siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, na gari na mabegi mawili matupu ya kupakia nguo zangu. Hakunikuta. Akaita, akazunguka nyumba, akaona pengo. Akapita. Mzee akamwambia anapita kwenye eneo la mtu, akapita vile vile. Fundi akaanika kanga mbili, lakini mimi nilikuwa juu ya jabali, na pagale lilinizibia kamba.

Nilimwona anatokea shambani, viatu vya mjini mkononi, mwili wa mjini, anahema. Akasimama chini, akainua uso.

"Mama! Shuka!"

"Shikamoo yako iko wapi?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Panda wewe."

Akapanda. Nilisikia kucha zake zinakwaruza jiwe, lakini sikumpa mkono. Alipofika juu alikaa mbali kidogo, akavaa barakoa yake vizuri, akanitazama kama anavyowatazama wagonjwa wake.

"Nimekuambia usitoke."

"Umeniambia nisikanyage barabara."

"Mama, usinichezee! Unajua mimi naona nini kila siku kule wodini? Nimewafunika watu shuka mimi. Wazee kama wewe. Mmoja alikuwa na skafu kama yako hiyo." Akainyooshea kidole. "Kila nikimfunika mtu nasema angalau mama yuko ndani. Kumbe uko juu ya mawe."

Akalia. Hasira yangu ikapungua, sitasema iliisha. Sikuwa nimejua kuhusu hayo mashuka. Kwenye simu alikuwa anatoa amri tu, na mimi nilimjibu kama ninayemjibu askari. Nikataka kumkumbatia, ikawa haifai, nikamsogezea chupa yangu ya maji kwa fimbo.

Alipotulia nikavua raba ya kushoto, nikamnyooshea mguu.

"Haya, muuguzi. Pima."

Akaweka kiganja kwenye unyayo wangu. "Sukuma." Nikasukuma. "Sukuma tena, kwa nguvu." Nikasukuma akayumba, akashika jiwe asianguke. Akarudia mara ya tatu. Akaminya kifundo, akakunja vidole, akakuna unyayo kwa ukucha. Akabaki ameushika mguu wangu mapajani, na nilijua anatafuta neno la kuniambia ambalo halitakuwa la kuomba msamaha.

"Umekuwa na nguvu," akasema. "Lakini mabegi nimeshakuja nayo. Na wadogo zangu nimewaambia nakuchukua. Dodoma kuna ngazi, mama. Utapanda ngazi."

Ngazi! Nikavaa raba yangu, nikafunga kamba mafundo mawili.

"Sikiliza," nikamwambia. "Wewe una miaka thelathini na minane. Mimi nina sitini na mmoja na mguu uliokufa ukafufuka. Tunashuka hapa pamoja. Ukinitangulia kufika mlangoni kwangu, nayapanga mwenyewe mabegi yako, naingia kwenye gari, na Dodoma nakaa mpaka utakapochoka wewe. Nikikutangulia mimi, nabaki. Na wadogo zako unawaambia kwa mdomo wako."

"Mama, acha utoto."

"Unaogopa?"

Nilimlea, najua pa kumchokoza. Akasimama, akakung'uta sketi. "Haya. Twende. Lakini usije ukaanguka ukasema mimi."

Tukashuka. Jiwe lile nalijua pa kushika na pa kukalia, nikafika chini yeye bado yuko katikati anatafuta pa kuweka mguu. Nikaingia kwenye alizeti. Nilisikia majani yanavunjika nyuma yangu, anakuja, tena anakuja kwa hasira, miguu yake mirefu ni ya baba yake. Nyuma ya pagale alikuwa amenikaribia kabisa, nasikia anavyohema. Nilifikiria lile dirisha linalotazamana na dirisha, nikaongeza mwendo. Fundi alisimama barazani na mtoto begani, anapiga vigelegele bila hata kujua tunashindania nini. Mzee alikuwa ameshafungua zizi, kawaondoa mbuzi njiani, kasimama pembeni na mkono kifuani.

"Kanyaga, mwalimu!" akapaza sauti. "Kanyaga!"

Nikakanyaga, kulia, kushoto, kulia, kushoto, na hakuna kilichokwaruza. Nikapita pengo, mlango wangu uko mbele, na nyuma yangu nikasikia hatua zinapungua, halafu sauti ya binti yangu, nyembamba, ile ya utotoni.

"Mama! Nisubiri!"

Sikumsubiri.